Nilivyohesabu Hadi Getini

Kwanza kabisa, yule aliyeacha vifimbo vya timpani dirishani Jumapili iliyopita, juani, ajue kwamba nilimwona. Vichwa vya vifimbo vile vimefungwa sufu iliyoshindiliwa. Jua likiipiga inakauka na kuwa ngumu, halafu mnaanza kushangaa kwa nini ngoma nzuri ya shaba inalia kama debe la mafuta. Sitaji jina. Ana rasta na anapenda mandazi.

Sasa tuendelee. Ninyi vijana mnaoketi nyuma kabisa ya okestra, nyuma ya fidla na filimbi na tarumbeta, mmeniomba niwaandikie kazi yangu ilikuwaje. Nimepiga timpani, matoazi, pembetatu, tari na ngoma kubwa katika okestra za Ulaya kwa miaka thelathini na tatu, na mwaka huu nimerudi Riruta na bega bovu. Vyeo na mishahara sitaandika. Mkitaka kujua habari za vyeo waulizeni wapiga fidla, wao wanakumbuka nani alikaa kiti cha ngapi.

Lakini kabla yenu kuna mtu nitakayempa asome kwanza. Ni binti yangu Wangari, ana miaka thelathini na tisa, anapima macho katika duka la miwani pale Adams Arcade. Nilimwacha akiwa na miaka sita. Tangu nirudi, miezi minane sasa, huja kuniona kila mwisho wa mwezi. Anakaa nusu saa, anauliza kama maji yanatoka, anaondoka. Hana ubaya na mimi. Ila haniiti mama, haniiti Nyambura, haniiti chochote. Hata muuza sukuma wiki wa hapa nje ana jina la kuniita, ananiita shosho, yaani bibi. Binti yangu hupanga sentensi zake vizuri kabisa zisihitaji jina langu.

Nataka akae zaidi ya nusu saa. Nalisema mapema ili msije mkadhani nimejisumbua hivi kwa ajili ya vifimbo tu.

Nilianza na ngoma ya kanisa, Kangemi. Tulikuwa tukitembea barabarani Jumapili asubuhi na sare nyeupe, mimi nikipiga ngoma ndogo ya kuning'inia shingoni, na nilikuwa na nguvu kuliko akili. Siku za kazi nilikuwa mpiga taipu katika ofisi moja ya mizigo katikati ya jiji. Wangari alikuwa ameshazaliwa. Baba yake alikwenda zake kabla hajamwona, na hilo ndilo la mwisho nitakaloandika juu yake. Tuliishi kwa mama yangu Riruta, watatu, na mtoto nilimpa jina la mama yangu kama ilivyo desturi yetu.

Katika ofisi ile kulikuwa na karani mmoja mtu wa Mombasa, Mzee Athumani, mwembamba, shati limepigwa pasi hata mikono. Mwaka mzima hatukuwahi kuzungumza zaidi ya salamu. Siku moja akaja akasimama mbele ya meza yangu, akangoja nimalize mstari.

"Bi Nyambura, nimesikia kwamba wewe wapiga ngoma kanisani kwenu."

"Ndio, Mzee. Ya bendi."

"Jumapili alasiri una kazi?"

"Sina."

"Basi njoo. Tumepungukiwa na mtu wa pembetatu."

Hivyo ndivyo nilivyojua kwamba karani wetu wa fomu za forodha alikuwa mpiga timpani wa okestra ya jiji, okestra ya watu wenye kazi nyingine: madaktari, walimu, mapadri wawili, na mama mmoja wa Kihindi aliyekuwa na duka la vitambaa na aliyepiga selo, ile fidla kubwa ya kuegemeza magotini, vizuri kuliko wote. Walifanya mazoezi katika ukumbi wa shule moja karibu na mjini. Nilifika na viatu vyangu vya kanisani. Mzee Athumani akanipa kipande cha chuma kilichopindwa pembe tatu, kimening'inizwa kwa uzi wa kuvulia samaki, na kifimbo chembamba. Nikacheka. Yeye hakucheka.

Jumapili ile sikupiga hata pigo moja. Ya pili pia sikupiga. Kila nilipokaribia, nilikuwa nimepoteza hesabu, na yeye aliniona usoni akanifanyia ishara kwa kiganja kwamba niache. Kwa wale ambao bado hamjaelewa kazi yenyewe: muziki wa okestra umekatwa vipande vidogo vya mapigo matatu au manne, tunaviita vipimo. Mpiga fidla ana kitu cha kupiga karibu kila kipimo. Sisi tunaweza kukaa vipimo mia bila kugusa kitu, kisha tukapiga pigo moja tu. Pigo hilo likija mahali pasipo pake hakuna wa kulificha, watu wote ukumbini wamelisikia. Kwa hiyo kazi yetu kubwa ni kukaa kimya na kuhesabu, na ni kazi inayochosha kuliko kubeba mawe.

Jumapili ya tatu, wakati wa mapumziko, akaniuliza, "Wahesabu na nini?"

"Vidole."

"Vidole ni kumi, mwanangu. Ukifika thamanini utavitoa wapi vingine?" Akapangusa miwani. "Mimi nahesabu njia. Natoka mlangoni kwetu Kibokoni, Mombasa, naenda chuoni kusoma Kurani, kama nilivyokuwa mtoto. Kila mlango vipimo vinane. Mlango wa Bi Rukia, vinane. Mlango wa fundi cherehani, vinane. Sihesabu mlango wa ngapi. Najua niko wapi tu. Nikifika chuoni, napiga."

Nilirudi nyumbani siku hiyo nikitembea polepole, nikitengeneza njia yangu. Nilianzia pale gari linaposhusha watu Naivasha Road. Kibanda cha kinyozi, vinane. Duka la Mama Kariuki, vinane. Kinu cha unga, ambacho wote tuliita poshomili, vinane. Kanisa la mabati. Bomba la maji lenye foleni ya mitungi. Ua wa kayaba wenye miiba. Na mwisho geti letu la mabati, na Wangari amesimama hapo, vidole vimepenya kwenye tundu la komeo, akiningoja. Yeye akifungua, mimi napiga. Jumapili iliyofuata nilipiga pembetatu mara nne na zote nne zilikuwa mahali pake. Mzee Athumani hakunisifu. Alinipa matoazi.

Alinifunza mengine mengi kwa miaka mitatu, nami nimewafunza ninyi, kwa hiyo sitarudia yote. Kutega timpani kwa mfano, yaani kuipatanisha sauti: unainama mpaka midomo inakaribia ngozi, unaimba ile noti polepole, na ngoma ikiwa imekaa sawa inakujibu. Usiigonge kuiuliza wakati wenzako wanapiga. Alisema kugonga ni kukosa adabu. Na usiniletee zile simu zenye mshale wa kijani wa kupimia sauti, mimi ni mzee na nina hasira.

Yeye ndiye aliyeandika barua zilizonipatia nafasi ya kwenda kusoma, miaka miwili, kaskazini mwa Ulaya. Nilipomwambia mama yangu, alikuwa akichambua maharagwe. Alimaliza kwanza sinia.

"Miaka miwili si mingi," akasema. "Mtoto ni wa nyumba hii. Enda."

Asubuhi ya safari Wangari alikuwa na sare ya shule. Alifunga geti nyuma yangu kwa sababu hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake nyumbani, kufunga geti, na aliifanya vizuri. Nilisikia komeo. Nilikuwa na miaka ishirini na saba na nilitaka kwenda. Sitawadanganya hapo. Nililia mpaka uwanja wa ndege, na bado nilitaka kwenda.

Miaka miwili ikaisha, nikaambiwa kuna majaribio ya kuingia okestra moja ya mji wa bandari. Majaribio kule unapigia nyuma ya pazia, waamuzi wasione sura yako wala rangi yako. Wametandika zulia tangu mlangoni, na bado wanawake tuliambiwa tuvue viatu, maana kisigino kinaweza kukusema kabla hujapiga. Niliingia na soksi, baridi ikipanda miguuni. Kipande walichonipa kilikuwa na vipimo hamsini na sita vya kungoja katikati, piano ikipiga peke yake. Nilitembea toka kwa kinyozi mpaka getini, Wangari akafungua, nikapiga. Wakanichukua. Huyu mtoto wa miaka minane aliyekuwa wakati huo darasani Riruta hakujua kwamba ndiye aliyenipa kazi.

Kiongozi wa kitengo chetu aliitwa Henk, mtu mrefu mwenye mikono kama makasia, na alikuwa mkorofi kwa siku tatu za mwanzo halafu akawa rafiki yangu kwa miaka ishirini. Alinifunza mambo ya ngozi ya ndama. Ngozi halisi hulegea mvua ikinyesha na hukaza wakipasha ukumbi joto, kwa hiyo wakati wa baridi tulifika saa mbili kabla ya wengine na kitambaa kibichi, tukizipangusa ngoma kama wagonjwa wa homa. Tulizunguka naye dunia. Nimepiga ngoma katika kumbi ambazo siwezi kutamka majina yake, nimekula samaki mbichi, nimelala kwenye basi nikiegemea sanduku la matoazi. Nilikuwa na furaha. Na kila siku, kila nilipokuwa na vipimo vya kungoja, nilikuwa Riruta. Kuna wenzangu waliohesabu kwa kugusa meno kwa ulimi. Mimi nilikwenda nyumbani hata mara sita kwa alasiri moja.

Simu nilipiga Jumapili, kwenye duka la Mama Kariuki, baada ya kupatana saa. Mwanzoni Wangari alipiga kelele nyingi, akaniambia habari za kuku na za mwalimu mwenye pengo. Baadaye akawa anajibu, "Ndio. Hapana. Sawa." Kisha siku moja, alikuwa na miaka kumi hivi, nikamsikia akisema pembeni, simu ikiwa bado mkononi mwake, "Mum, ni yule wa simu." Mum alikuwa ni mama yangu. Yule wa simu ni mimi. Nilimaliza maongezi vizuri, nikakata, nikakaa kwenye ngazi za chumba changu mpaka jirani akaniuliza kama nimefiwa.

Mtauliza kwa nini sikumchukua. Mwaka wa kwanza chumba kilikuwa cha mtu mmoja. Mwaka wa tano mama yangu alisema mtoto ana raha, usimng'oe. Mwaka wa nane Wangari mwenyewe alisema hataki. Kila mwaka ulikuwa na sababu yake na zote zilikuwa za kweli. Nikizipanga leo pamoja naona tu kwamba sikumchukua.

Na kuna moja ambayo haina sababu nzuri. Alipokuwa anamaliza sekondari kulikuwa na sherehe shuleni, wazazi wanakwenda, na niliahidi. Nilinunua tiketi na nguo. Siku nne kabla, Henk akaanguka na baiskeli akavunja mkono, na mwongozaji wa okestra akaniuliza kama naweza kusimama mahali pake kwenye timpani katika ziara yote iliyokuwa mbele yetu. Miaka kumi na moja nilikuwa naingojea timpani. Hakunilazimisha. Aliniuliza, nikasema ndiyo. Mama yangu alikwenda shuleni na kitambaa chake cha kichwa cha bluu, na Wangari hakunilaumu kwenye simu. Alisema, "Ni sawa, hatukuwa tumekuwekea kiti." Nilipiga vizuri sana ziara ile. Watu walisimama.

Mama yangu alifariki nikiwa nimekaa kule miaka ishirini na mbili. Nilikuja kuzika, nikakaa siku tisa. Wakati huo walikuwa wanapanua Naivasha Road. Gari lilinishusha mahali nisipopajua, nikasimama na sanduku langu kama mtalii. Kinyozi hakuwepo. Poshomili ilikuwa imebomolewa, imebaki sakafu ya saruji yenye unga kwenye nyufa. Ua wa kayaba uling'olewa, pamejengwa ukuta wa mawe. Nyumbani geti la mabati lilikuwa limebadilishwa kuwa la chuma, jeusi, na lilifunguliwa na mwanamke mrefu aliyevaa leso ya msiba. Alisema, "Karibu. Umefika salama?" Kwa wageni alinitambulisha akisema, "Huyu ametoka ng'ambo."

Nilikwenda mjini kumwona Mzee Athumani. Alikuwa amestaafu, anakaa na mwanawe ghorofani juu ya duka. Nilimweleza habari za barabara.

"Mimi kila nikenda Mombasa naitembea upya," akasema. "Milango hubadilishwa, mwanangu. Bi Rukia alikufa, wajukuu wakatia mlango wa kioo. Nimeutia na mimi kichwani. La sivyo siku moja utafika kabla ya wakati wako."

Nilimwitikia kama mtu anavyomwitikia mzee. Ndege yangu ilikuwa kesho yake.

Onyesho la kwanza baada ya kurudi lilikuwa Jumapili mchana. Lilikuwa na simfonia ndefu, na mimi nilikuwa na matoazi, pigo moja tu karibu na mwisho, baada ya vipimo mia na kumi na viwili vya kungoja. Nilikuwa nimeshapiga pigo hilo mara nyingi, ningeweza kulipiga na homa. Nikaanza kutembea, njia yote mara mbili, na mara ya kwanza nilifika getini salama. Nikaanza ya pili. Kwa kinyozi, sawa. Kwa Mama Kariuki, sawa. Halafu nikatafuta poshomili, nikaona ile sakafu tupu, na miguu yangu ikapita bila kusimama. Sikujua kwamba nimepita. Niliendelea mpaka mwisho, nikainuka, nikanyanyua matoazi, na wakati fidla zilikuwa katika sehemu ya chini kabisa, ile ambayo watu huacha hata kukohoa, nikayagonganisha kwa nguvu zangu zote. Vipimo vinane mapema. Mama mmoja safu ya mbele alipiga yowe.

Henk aliniuliza nyuma ya jukwaa, "Ulikuwa wapi?"

"Nyumbani," nikamwambia.

Wenzangu walitaniana juu ya jambo hilo kwa mwaka mmoja, na mwongozaji alinisamehe kabla mimi sijajisamehe. Wiki ile nilifanya uamuzi. Mzee Athumani aliniambia niitembee njia upya. Mimi nilifanya kinyume. Niliamua barabara yangu ya kichwani haitapanuliwa. Nilirudisha kinyozi, nikajenga poshomili, nikapanda kayaba, nikarudisha geti la mabati na mtoto wa sare ya shule nyuma yake. Nikakataa kabisa kuona kitu kingine. Kwa miaka kumi na moja iliyobaki sikukosea tena hata mara moja. Hilo nilijivunia sana, na nawashauri ninyi mfanye hivyohivyo.

Siku yangu ya mwisho kazini walinipa maua na vifimbo vyangu vya kwanza ndani ya sanduku la kioo. Tangu nirudi nakosa kitu kimoja kuliko vyote, ile sekunde kabla ya kuanza, watu themanini wakivuta pumzi pamoja. Naamka asubuhi hapa Riruta, nasikia jogoo na redio ya jirani na mtu anayeuza mitumba kwa kipaza sauti, na mwili wangu wote unaingoja ile pumzi. Miaka yote niliyokuwa kule niliililia Riruta. Sasa niko Riruta naililia kule. Naona aibu kidogo kuandika hivyo lakini ndivyo ilivyo, na ninyi mkija kwenda mtayaona.

Hapo ndipo nilipokuwa nimekomea. Alhamisi nilipeleka karatasi hizi Adams Arcade, nikamwachia Wangari katika bahasha. Alikuwa na mteja, akaniambia atasoma akipata nafasi. Yaliyobaki nayaandika leo Jumapili asubuhi, kabla ya mazoezi.

Jana Jumamosi alikuja. Haikuwa mwisho wa mwezi. Alikaa kwenye kiti kile kile cha karibu na mlango, bahasha mapajani.

"Nimesoma," akasema.

"Asante."

"Hiyo ya shule umeandika vile ilikuwa. Nilidhani utaweka story. Lakini nataka kuuliza kitu. Huyo mtoto wa geti. Yeye ni mimi?"

"Ni wewe."

"Ako na miaka ngapi?"

"Sita."

"Nikiwa form four?"

"Sita."

"Nikiwa na twenty-eight? Nikizika shosho, mimi ndio nilikufungulia geti, ulikuwa unaniona hivi. Ukarudi huko, ukaniweka six tena?"

Nilisema ndiyo.

"Basi huyo ndiye umekuwa ukimmiss," Wangari akasema. Hakupaza sauti. Anaongea hivyo na wateja, akiwaambia jicho moja limeharibika. "Mimi sijui kama umewahi nimiss. Mimi hata hunijui."

Nilitaka kumwambia kwamba nilimlilia kwenye ngazi. Nilitaka kumwambia habari za Jumapili zote. Lakini alikuwa ameshasoma yote hayo, yalikuwa mapajani mwake, na mtoto aliyeandikwa mle ndani hakuwa yeye. Nilimlinda yule mdogo asiguswe na kitu, huku huyu mkubwa akikua, akifaulu, akizika, akipanga nyumba, na mimi sikumtafutia hata nafasi ya kipimo kimoja. Iliniuma vibaya sana. Nikamwambia, "Ni kweli. Sikujui."

Aliangalia saa. Nusu saa ilikuwa imepita, niliiona na mimi. Akainuka, akachukua mkoba, akasimama mlangoni.

"Si uvae viatu," akasema. "Twende kwangu. Hujawahi kuja."

"Hukuniita."

"Na wewe hukuuliza."

Tulikwenda kwa miguu mpaka Kangemi, yeye mbele mimi nyuma, akinionyesha mahali pa kukanyaga penye matope. Anakaa ghorofa ya tatu, vyumba viwili, safi, kuna maua kwenye makopo ya rangi na picha ya mama yangu ukutani na kitambaa chake cha bluu. Kuna viatu vya mwanamume mlangoni. Sikuuliza, nikakumbuka, nikauliza. Anaitwa Peter, ni fundi wa lifti, wako pamoja miaka minne sasa, alikuwa kazini. Miaka minne.

Sikujua nifanye nini na mikono yangu, basi nikafanya kile ambacho kila mama hufanya akifika kwa bintiye. Nikaingia jikoni, nikachukua sufuria, nikaweka maji na maziwa, nikamuuliza majani yako wapi nimpikie chai.

Wangari alikuwa ameegemea mlango.

"Mimi sinywangi chai," akasema. "Tangu form two. Inanichoma tumbo."

Nilizima jiko. Nikageuka nikamtazama vizuri, mtu mzima wa miaka thelathini na tisa, mrefu kuliko mimi, mwenye mvi mbili juu ya sikio ambazo sikuwa nimeziona.

"Basi unakunywa nini?" nikamuuliza.